Mswaki wa Kijani

“Mswaki wangu una rangi gani?” mwanamke aliuliza.

Mwanamume alikwama, taco mkononi, chapati ndogo iliyokunjiwa nyama, mchuzi ukimchuruzika hadi kwenye kiwiko. Akasema mwekundu. Kumbe ulikuwa wa kijani. Mwanamke akafumba macho kama mtu aliyeona basi lake likiondoka.

Euphrasie alikuwa akipangusa meza ya jirani, meza iliyokwisha kutakata zamani. Ana masikio mama huyo, wala hajawahi kuyaonea haya. Alikuwa mtu wa Lubumbashi, mhudumu wa mkahawa huu mdogo wa Kimeksiko nyuma ya stesheni ya Gare du Nord, Brussels, na wateja hawakumdhania kwamba anasikia Kiswahili. Hawa wawili walikuwa Watanzania. Aliwajua kwa jinsi walivyotamka kila neno hadi mwisho wake.

Haikumchukua muda kuelewa shida yao. Saa nane mchana wangeitwa ofisi ya uhamiaji, ng'ambo ya stesheni, mmoja chumba hiki, mwenzake chumba kile, waulizwe maswali yale yale. Mara ya kwanza majibu yao yaligongana, wakaambiwa ndoa yao inatiliwa shaka. Leo ndiyo mara ya pili, na ya tatu haipo. Yakigongana tena, mwanamke anarudishwa kwao na mwanamume anabaki Brussels peke yake.

Ndoa ya makaratasi, Euphrasie alijiambia. Alishaziona nyingi. Binamu yake Numbi aliwahi kuolewa hivyo na bwana mmoja wa mtaa wa Anderlecht, wakaachana hata keki ya harusi haijaisha kwenye friji. Hakuwalaumu. Ila hawa, jamani, hata kudanganya hawakujua.

“Mkeo anaitwa nani?” mwanamke aliuliza, akiigiza sauti ya afisa.

Mwanamume akatazama sahani. “Felisia,” alisema hatimaye, kwa shida, kama aliyeazima jina la watu.

“Usisite. Ukisita wanaandika.”

Naye zamu yake ilipofika ya kulitaja jina la mume, Elineema, alilitamka haraka huku akitazama dirishani. Euphrasie nusura acheke. Mume gani huyo, mke gani huyo, wanaoneana haya majina?

Tarehe ya kuzaliwa ikawa balaa zaidi. Elineema alieleza kwamba Felisia alizaliwa msimu wa kuvuna maharage, mwaka ule mafuriko yalipobeba daraja. Felisia akamwambia aachane na daraja, aseme ya kwenye pasipoti, tarehe mosi Januari. Elineema akairudia tarehe hiyo mara kadhaa, midomo ikicheza, kama mwanafunzi anayejua kwamba atafeli.

Jambo moja tu walilifanya vizuri. Waliagiza sahani moja, wakanawa, wakala pamoja. Felisia alikuwa akiondoa vitunguu kwenye taco za Elineema bila kuombwa, huku anazungumza mengine kabisa, na Elineema alikuwa akimsogezea vipande vyenye nyama bila hata kumtazama. Hapo wamefanya mazoezi, Euphrasie alikiri moyoni. Laiti afisa angewaona wakila.

Nje mvua ilikuwa ikinyesha ile ya Brussels, isiyonyesha kweli wala isiyoacha. Saa ya ukutani ilikuwa inakaribia saa nane.

“Limebaki lile,” Elineema alisema.

Felisia aliacha kula.

“Watoto,” alisema Elineema. “Wewe ulisema mmoja.”

“Na wewe ukasema hatuna.” Sauti ya afisa ilikuwa imekwisha, imebaki yake mwenyewe, nyembamba. “Hakuna aliyeniumiza siku ile ila wewe.”

“Nikisema mmoja, wataniuliza yuko wapi. Nitawajibu nini?”

“Sijui. Mimi siwezi kusema hatuna. Nimejaribu tangu jana usiku, haitoki.”

Taco zilikuwa zimeanza kupoa na kukakamaa. Elineema akaanza kukunja kitambaa cha karatasi mpaka kikachanika. Walikuwa wamekwama kweli kweli, na dakika zinakwenda, na wala hakuna aliyekuwa na hila nyingine.

Euphrasie hakuweza kuvumilia. Huruma ilimjaa. Watu wazima wawili waende kupotezana kwa sababu ya mtoto wa kubuni! Akachukua jagi la maji, akawajazia bilauri, akainama kati yao.

“Bon, maman, tonton, munisamehe, nilisikia,” alisema polepole. “Museme hakuna mutoto. Mutoto wa kutunga ni mubaya. Banauliza jina, banauliza masomo, banauliza picha, alors mutakwama. Bote bawili museme zéro. Zéro haina maswali.”

Aliona amewasaidia. Alisimama pale na jagi lake akingojea washushe pumzi.

Felisia alimtazama. Hakuwa na hasira. Akaiweka taco yake kwenye sahani taratibu na kufunika uso kwa mikono iliyojaa mchuzi.

Elineema alinyanyuka, akazunguka meza, akapiga magoti kwenye sakafu yenye maji ya viatu vya watu.

“Mama Agape,” alisema, na safari hii jina lilimtoka bila kusita hata kidogo. “Mama Agape, mimi nilidhani wanauliza walio hai.”