Mapigo ya Mzee Laurian

"Mia na hamsini na mbili," Martina alisema, akauachia mkono wa Mzee Laurian. "Leo imezidi hata ya jana."

Mzee Laurian aliegemea nguzo ya kibaraza cha duka, anahema. Jasho lilimchuruzika usoni ingawa upepo wa Julai ulikuwa unakata masikio.

"Kwa hiyo fomu husaini?"

"Sisaini. Nilikwambia ukimbie polepole, moyo usivuke mia na ishirini. Ukiona huwezi kuongea, tembea. Unanisikia lakini?"

"Nakusikia, Mama Ritha."

"Basi kaa, utulie. Nitakupima tena."

Alikaa kwenye benchi, Martina akamletea chai ya tangawizi. Kikombe kilipokwisha akamshika tena kifundo cha mkono, macho kwenye saa aliyoibandika kifuani tangu enzi za hospitali. Sabini na mbili.

Hilo ndilo lililomsumbua. Katika miaka ishirini na nane ya unesi hakuwahi kuona moyo mgonjwa unaotulia upesi namna ile.

Serikali ilipopunguza wafanyakazi, jina la Martina lilikuwa ukurasa wa pili wa orodha. Akarudi Ikungi, akafungua duka la dawa baridi kando ya barabara ya Dodoma. Binti yake, Ritha, alikuwa Mwanza, na barua zake zilikuja Krismasi kwa Krismasi. Mumewe, Petro, alikuwa ameangukia kwenye shamba la uwele, jembe mkononi, na hakuinuka tena. Moyo, walisema. Tangu hapo Martina aliwasha redio tangu alfajiri hadi anapolala, si kwa kuisikiliza, bali nyumba iwe na sauti ya watu.

Mzee Laurian alikuja mwanzoni mwa Juni na fomu aliyoikunja mara nne. Alikuwa mjane wa miaka sitini na miwili, dereva wa greda aliyepunguzwa kazini kama yeye. Ujanani aliukimbilia mkoa kwenye mashindano ya riadha. Sasa kampuni mpya ya magodoro ilikuwa inadhamini mbio za wazee pale Singida mjini, siku ya Nane Nane, na fomu ilitaka sahihi ya mtu wa afya.

"Sisaini kitu nisichokijua," Martina alimwambia siku ile. "Kila asubuhi ukimaliza mazoezi pita hapa, nione moyo unakwendaje."

Akawa anapita. Mia na arobaini na nane. Mia na hamsini. Mia na arobaini na sita. Martina aliandika kila siku kwenye daftari, akamfokea kila siku, na kila siku Mzee Laurian aliitikia kwa adabu, kesho yake akarudi anahema vilevile.

Chai ikawa inachukua muda mrefu zaidi. Alimsimulia jinsi greda lilivyomzimikia katikati ya kona za Sekenke, nyuma yake kuna mabasi mawili na harusi nzima. Martina alicheka hadi mteja aliyefuata vidonge vya kichwa akalazimika kugonga kaunta. Mzee akishaondoka, asubuhi ilirudi kuwa ndefu.

Fomu zilikuwa zinafungwa Jumamosi. Ijumaa Martina aliamka ameshaamua. Hatamwambia apunguze mwendo tena. Atamwambia aache kukimbia kabisa, apande basi aende hospitali kubwa Dodoma wakamwangalie. Afadhali amchukie kuliko aje asikie kuwa ameanguka barabarani kama Petro.

Alijua neno hilo lingemgharimu nini. Nyumba ya Mzee Laurian ilikuwa huko ng'ambo ya soko, na huko kulikuwa na duka lingine la dawa, kubwa kuliko lake. Asipokimbia, hana sababu ya kupita kwake.

Alibandika birika jikoni, akapunguza moto. Hakutaka kumwambia jambo kama lile mbele ya wateja, kwa hiyo alijitanda kitenge cha pili mabegani akaenda kumpokea njiani. Barabara ilizunguka mbali, ikakwepa yale mawe makubwa yaliyo nyuma ya duka. Yeye akapita njia ya mkato, katikati ya mawe, akiyarudia maneno yake moyoni. Mzee Laurian, nisikilize. Mzee Laurian, usinielewe vibaya.

Alipofika upande wa pili alisikia mtu anapiga mluzi, wimbo wa kanisani, taratibu. Akachungulia.

Mzee Laurian alikuwa ameketi juu ya jiwe, mahali upepo usipofika, anaota jua. Sweta lilikuwa limefungwa vifungo hadi shingoni. Uso wake ulikuwa mkavu, na pumzi yake ilikuwa ya mtu aliyeamka sasa hivi. Alitazama saa yake. Akasimama bila haraka, akavua sweta, akalifunga kiunoni, akainama kama kijana anayesubiri filimbi, kisha akachomoka kwa nguvu zake zote kuelekea dukani kwa Martina.

Kumbe moyo ule haukuwa mgonjwa; mwenyewe ndiye hakutaka fomu isainiwe. Martina akakikusanya kitenge juu ya magoti, mwanamke wa miaka hamsini na sita ambaye hakuwahi kukimbia tangu alipomaliza shule, akatimua mbio kwa njia ya mkato, ili mzee wa watu asije akakuta kibaraza kitupu.