Punje ya Fundi

Nje ya kituo cha kupigia kura, Bi Msimu alikuwa ameweka vyungu viwili chini ya kanga moja, kimoja kwa kila mgombea. Kila aliyebonyeza mashine ya kura ndani, alipotoka alichukua punje ya mahindi kikapuni, akaingiza mkono chini ya kanga na kuidondosha anakotaka. Jioni punje zingehesabiwa hadharani na kulinganishwa na hesabu ya mashine.

Alasiri akatoka Nuhu, fundi aliyeziunda mashine hizo. Foleni ya wapiga kura ikamgeukia.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Chukua punje."

"Bibi, hii ni dharau. Mashine ile nimeiunda mwenyewe, najua kila waya uliomo. Haiibi."

"Sijasema inaiba, baba. Mimi nikitoka kusaga, unga naupima tena nyumbani, na mwenye mashine ni kaka yangu."

Watu wakacheka. Bi Msimu akawasubiri wanyamaze.

"Ulipomaliza kuziunda, zilikwenda wapi?"

"Ghalani. Zilikaa wiki tatu."

"Na ufunguo wa ghala ulikuwa nao wewe?"

Nuhu aligeuka akautazama mlango aliotokea, mashine yake ikilia kila mtu alipobonyeza.

"Sikuwa nao," alisema.

Bi Msimu alimsogezea kikapu cha punje.

Nuhu alikunja mkono wa shati, akachagua punje moja, akaingiza mkono chini ya kanga. Foleni nzima ikatega sikio kusikia ikianguka.