Mkalimani Mwongo

"Mama Tokie! Toka huko ulikojificha!"

Ryuhei Aizawa hakungoja ajibiwe. Aliingia karakana na viatu vyake vya shambani, matope ya kabichi yakidondoka sakafuni. Mkononi alikuwa amekibana kisanduku cheusi, nyaya zikining'inia. Alikuwa amekichomoa kwa mikono yake asubuhi ileile, na wala hakutafuta bisibisi.

Mama Tokie alikuwa chini ya gari la posta. Alijiburuta akatoka, akajifuta mikono, akakitazama.

"Umekata nyaya zangu," alisema.

"Nyaya zako? Gari la nani?"

Nani asingekasirika? Mwezi uliopita alileta gari libadilishwe breki. Breki tu! Kuja kulichukua, kipimo cha hewa nacho kimebadilishwa. Kile cha zamani, chenye kijimlango kinachosukumwa na hewa inayoingia kwenye injini, kilikuwa kimetolewa, na mahali pake pamefungwa cha gari la kisasa. Kompyuta ya gari lake kuukuu haielewi lugha ya kipimo kipya, kwa hiyo Mama Tokie alikuwa ameunda kisanduku cha kukaa katikati na kutafsiri. Na hakudai hata yeni moja. Hapo ndipo Ryuhei alipopaswa kushtuka, zuzu yeye!

Maana tangu siku hiyo gari limekuwa kobe. Kule juu mlimani barabara inakonyooka, pale alipozoea kumtimulia vumbi Kogure, mpinzani wake wa mbio za magari, injini inapaliwa na kutoa moshi mweusi, na Kogure yuko ubavuni pake, dirisha kwa dirisha, meno yote nje. Wiki nzima Ryuhei hukata kabichi za watu, mgongo unamuuma, bosi anamfokea kama mtoto. Ni Jumapili alfajiri tu, mlimani, ndipo anapoitwa Bwana Aizawa. Hana kingine. Na Jumapili hii ndiyo ya kuamua nani mbabe wa mlima mwaka huu.

"Nimekipima," alisema. "Gari likishika kasi, kisanduku chako kinadanganya. Kinaiambia kompyuta kuwa hewa ni nyingi kuliko ilivyo. Kompyuta nayo inamwaga petroli, injini inazama. Usiniambie umekosea, Mama. Mtu hakosei kwa ustadi namna hii."

"Kipimo chako kilikuwa kinakwama."

"Kilikuwa kizima kabisa!"

"Gari lenyewe limekuzidi umri, mwanangu. Lionee huruma."

"Usiniite mwanangu! Kogure amekupa nini?"

Ati huyu ndiye fundi ambaye zamani magari yake yalikuwa yakiogopwa mpaka mkoa wa jirani! Siku hizi ni magari ya posta tu, na kila Jumapili asubuhi kuweka kiti mlangoni, akihesabu magari ya vijana yanaposhuka kutoka mlimani. Umbea, Ryuhei aliwaza. Uzee na umbea.

"Jumapili utapanda?" Mama Tokie aliuliza.

"Nitapanda! Tena bila takataka yako hii. Nimeshakirudisha kipimo changu cha zamani. Mtanitambua, wewe na Kogure wako!"

Mama Tokie alimshika mkono wa shati. Ryuhei akaukutua, akaondoka.

Kogure alikuwa kinyozi. Ryuhei alimkuta na wembe mkononi, mzee mmoja amelala kitini, povu mpaka masikioni.

"Mshenzi wewe! Umemhonga Mama Tokie aniharibie gari!"

"Nimhonge nani? Punguza sauti, nitamkata mzee wa watu sikio."

"Nikate tu," mzee alisema kutoka kwenye povu, "ila ugomvi niusikie."

Ryuhei akakibamiza kile kisanduku mezani, katikati ya vitana. Kogure alikiangalia, na kicheko alichokuwa nacho mdomoni kikaisha.

"We! Umefungua gari langu?"

"Lako? Nimekitoa kwenye langu!"

Walitoka hadi uani. Kogure akainua boneti. Kilikuwepo: kisanduku cheusi, nyaya zilezile, hata gundi ileile ya Mama Tokie.

"Mwaka juzi," Kogure alisema taratibu. "Nilimpelekea abadilishe oili. Akaniambia kipimo kinakwama. Hakunidai kitu."

"Na Matsuzaki?"

"Naye hivyohivyo. Na wale ndugu wawili wa duka la samaki." Kogure alimkazia macho. "Kumbe ulikuwa umebaki wewe tu. Ndiyo maana ulikuwa ukitushinda."

Hilo lilimchoma Ryuhei kuliko yote. Hasira zilimpanda hadi utosini, akaipiga boneti kofi.

"Ametufanya mabwege mlima mzima! Twende tukamvunjie hiyo karakana yake, twende sasa hivi! Tumemkosea nini huyu bibi?"

Kogure hakusogea. Alikuwa ameiinamia tena injini.

"Ryuhei," alisema, "mara ya mwisho kuvaa suti yako nyeusi ilikuwa lini?"

Ryuhei alianza kuhesabu misiba. Zamani hakukupita kiangazi wasipange foleni msibani ya kutia ubani kwa ajili ya mwenzao aliyebaki kwenye kona za mlima ule. Akarudi nyuma mwaka baada ya mwaka akiutafuta msiba wa mwisho, mpaka akaufikia: Wataru, mtoto wa pekee wa Mama Tokie, ndani ya gari lenye kasi kuliko yote ambayo mama yake alipata kuyaunda.