Kisemeo cha Mama

Sheria inasema mzee hahojiwi mwenyewe, eti wazee husahau. Kinachohojiwa ni kisemeo chake, kifaa kilichofungwa kitandani ambacho hujibu kwa sauti yake.

"Bi Zuhena, wanakugeuza kila siku?" Bwana Mkumbwa, mkaguzi wa nyumba za wazee, alikiuliza kifaa.

"Wananigeuza, baba. Tunatunzwa vizuri."

Mama haoni tena. Alinibana mkono. "Kinasema uongo, mwanangu! Siku ya tatu leo sijageuzwa."

Nikafunua shuka. Kidonda cha mgongoni kilikuwa kimechimbika, na harufu yake ikamrudisha mkaguzi nyuma. Akaandika: Vizuri.

"Huna macho wewe?" nilimfokea. "Huyu ni mtu, siyo gogo!"

"Ndugu nao wana kisemeo, dada," alininong'oneza sikioni, Mama asisikie, akabonyeza kadi ya mgeni niliyovalishwa getini, pale nilipotakiwa kutaja jina langu kwenye mashine.

Kadi ikaongea kifuani pangu, kwa sauti yangu mwenyewe: "Familia tumeridhika. Asanteni sana."

"Siyo mimi, Mama! Siyo mimi!"

"Kumbe na wewe," Mama alisema, akauachia mkono wangu.