Ngiri na Kiti cha Kiboko

Zamani bwawa lilipokuwa na ofisi, mkuu wake alikuwa Kiboko. Naibu wake, Ngiri, alianza kukingoja kiti cha mkuu kabla meno yake hayajapinda. Sheria ilisema mkuu astaafu akitimiza miaka sitini, na Kiboko alibakiza siku kumi.

Hapo akaja Nungunungu, mtaalamu wa mizizi, na chupa mkononi. "Hii inazuia uzee," akasema. "Anayekunywa leo hazeeki tena."

Ngiri akaona bahati imemfuata nyumbani: anywe, arithi kiti, akikalie milele. Akaitisha kikao, akaandika kanuni kwa mkono wake kwamba mnywaji atahesabiwa umri aliokuwa nao siku ya kunywa, wala hautaongezwa. Akaipiga muhuri mara tatu, akanywa.

Kiboko akaisoma kanuni polepole, akaomba chupa, akaimalizia.

Ngiri akashtuka. "Mzee, na sherehe ya kukuaga? Ngoma tumeshakodi!"

"Mzee nani, naibu? Mimi nina hamsini na tisa. Na mwakani hivyo hivyo. Muhuri si wako?"

Ngiri akamkimbilia Nungunungu. "Bwana mtaalamu, dawa ya kuzeesha unayo?"

"Ya nini tena? Uzee ulikuwa unakuja wenyewe, bure. Ungesubiri siku kumi tu."

Ndiyo maana hadi leo ngiri hula akiwa amepiga magoti. Wapita njia hudhani anachimba mizizi. Nungunungu anajua kwamba anamwomba Mungu ili Kiboko azeeke, walau siku kumi.