Mama Ukunguni

Raya aliazimwa lenzi ya kamera inayoinama kwa asubuhi moja tu. Mwenye lenzi aliapa kwamba inashika wazi cha karibu na cha mbali kwa pamoja, na Raya alijua pa kuijaribu: barazani kwa wazazi wake. Baba, Fundi Shaame, hukaa mwanzo wa baraza na cherehani yake. Mama, Bi Kidawa, hukaa mwisho kabisa, nyuma ya mumewe, na karai la maandazi. Hakuna anayekubali kusogea. Ndiyo maana katika kila picha ya ukutani baba yuko wazi, na mama ni ukungu mtupu.

"Nikitoka kama moshi pichani tena leo," mama alipaza sauti, "sipigwi picha nyingine maisha!"

"Si ujongee huku, mke wangu?"

"Maandazi yaungue? Jongea wewe!"

"Na suruali ya watu?"

Raya aliinamia kioo cha kamera yake kubwa, akazungusha kitasa taratibu. Lenzi ikainama kidogo, kama mtu anayetega sikio. Sindano ya cherehani ilionekana wazi tangu mwanzo. Sasa, kule mwisho, uso wa mama nao ukaanza kutoka ukunguni: kipini cha puani, jasho, kisha macho.

Hakuwa akiitazama kamera. Alikuwa akikitazama kisogo cha baba na kutabasamu peke yake, mwiko umetulia mkononi, na andazi moja, polepole, likiungua.