Mlango wa Taslim

"Huo mlango ufunge, ustadhi! Usiuache wazi hata kidogo!"

Fundi Mumtaz akashusha brashi. Tangu asubuhi yuko juu ya ngazi, pale karakana ya mjini Rawalpindi, akichora picha nyuma ya lori, na hajawahi kuombwa kitu kama hiki.

"Shamroz Khan, madereva wenzako nyuma ya lori wanataka tausi. Wanataka mrembo wa sinema. Wewe unataka mlango uliofungwa?"

"Nataka maisha yangu," Shamroz akasema. "Kama safari. Toka nilipoanzia mpaka nilipokwama."

Haya, kazi ikaendelea. Chini kabisa, watoto wawili juu ya punda mmoja: Shamroz na kaka yake Taslim. Njia ikapanda mpaka kwenye mti wa mforosadi ulio mpakani mwa mashamba yao, ule waliougombea. Hapo njia ikapasuka, zikawa mbili. Mbele kidogo daraja limekatika: mama amekufa. Halafu kitanda cha kamba kando ya barabara, na kikombe kimoja cha chai. Na mwisho kabisa, mlango wa Taslim.

"Si umpigie simu tu, yaishe?"

"Niliapa kwa talaka, ustadhi. Nikimtamkia neno, au nikimtuma mtu, mke wangu ameachika. Na kaka naye akaapa hivyohivyo. Miaka tisa! Mama tumemzika juzi, mimi mwanzo wa safu, yeye mwisho wa safu."

"Na picha je?"

"Nimemuuliza mullah wa msikiti wetu. Kasema picha siyo neno."

"Huyo mullah wako zamani alikuwa dereva, siyo bure!"

Shamroz hakucheka. Idi ya mwaka huu ameila peke yake, hotelini njiani, akimwangalia mhudumu akifuta meza ambazo hazina watu. Kaka ndiye aliyebaki katika damu yake. Asipoielewa picha hii, basi tena.

"Ataionea wapi sasa?" Mumtaz akauliza.

"Naye ni dereva, barabara yetu ni hiihii. Mimi napanda na saruji, yeye anateremka na matofaa. Kila wiki namwona. Na unajua anafanya nini? Anapiga honi! Ndeeefu, bila haya. Ananizomea mdogo wake mbele ya watu!"

"Na wewe?"

"Nakaza macho mbele, napita zangu. Nigeuke nimpe raha?"

Brashi ikasimama hewani. "Lori lake rangi gani?"

"Kijani. Juu ya kioo cha mbele kuna tai wawili. Kwani vipi?"

Mumtaz akaiweka brashi kando. Akashuka ngazi, akafuta vidole kwenye shati, akatoa simu. Akaanza kupekua picha za kazi zake za zamani. Akapekua, akapekua weee, halafu akamkabidhi Shamroz simu.

Ni nyuma ya lori la kijani. Chini, watoto wawili juu ya punda mmoja. Mforosadi. Njia mbili. Na juu kabisa mlango uko wazi wote, na ndani, kwenye mkeka, vikombe viwili vya chai vinafuka moshi.

Shamroz akaisogeza simu karibu na macho. "Hii... hii uliichora lini?"

"Mwaka wa nane huu, nilishaisahau," Mumtaz akasema polepole. "Aliniambia, 'Nikipishana na mdogo wangu nitampigia honi, ageuke aone.'"